Maksai wa Upande wa Kulia

Mwenye bucha alinikuta nyuma ya nyumba nikikaza miti ya zizi. Akaniambia ana mabati ya kuezeka nyumba nzima, na anachotaka ni maksai mmoja aliyeshika mwili, wa kuchinja Pasaka. Hakunitisha wala hakunilevya. Alisimama tu na kofia yake mkononi, akingoja. Ningeweza kumjibu, "Ngoja mdogo wangu arudi kutoka msibani," naye angekwenda kuuliza kwingine, maana pale Mutuka si mimi peke yangu niliyekuwa na ng'ombe. Badala yake nilimwambia aje Jumapili, watu wakiwa kanisani.

Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafakari jibu hilo. Mtu anayechagua saa ambayo majirani hawapo anajua anachokifanya. Sikukosea kwa kutojua. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilikuwa baba wa watoto watatu, na nilijua kabisa kwamba yule maksai mwekundu, ingawa alikuwa wangu, hakuwa wangu wa kuuza.

Naeleza. Baba yetu alikuwa mtu wa Mbulu aliyeshuka Babati akiwa kijana kutafuta ardhi. Alifungua shamba Mutuka kwa jembe la mkono, na uzeeni akapata plau. Mwaka wake wa mwisho wa nguvu alifundisha maksai wawili waliozaliwa msimu mmoja. Mwekundu alimweka kulia, upande unaotembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa. Mweusi alimweka kushoto, juu ya ardhi ngumu. Walikua hivyo. Hata wakienda kunywa maji walitembea ubavu kwa ubavu, mwekundu kulia, mweusi kushoto, kana kwamba nira bado iko shingoni.

Baba alipoona hataamka tena alitugawia mali. Sisi tulikuwa wawili tu, wote wa kiume. Mimi nilikuwa nimeshaoa na kujenga pembeni, na mdogo wangu, kama ilivyo kwetu kwa mtoto wa mwisho, alikuwa anabaki katika nyumba ya wazazi, nyumba ya tembe yenye dari la udongo, amtunze mama. Ng'ombe wengine baba aliwagawa kama baba yeyote anavyogawa. Lakini wale maksai wawili alimpa kila mmoja wetu mmoja. Mimi mwekundu, mdogo wangu mweusi. Plau akasema ikae kwangu. Nira na minyororo ikae kwa mdogo wangu.

Baba mdogo wetu aliyekuwepo pale alishangaa. "Kaka, kwa nini usimpe mmoja jozi nzima, mwingine ukampa mitamba? Hawa watasumbuana."

"Ndicho ninachotaka," baba akasema. "Wasumbuane kila mwaka. Wakiacha kusumbuana watasahauana."

Tukacheka, kwa sababu hata mgonjwa baba alikuwa mtu wa maneno. Sikuona kwamba alikuwa ametuachia wosia.

Kwa hiyo kila mvua za kupandia zilipoanza, mdogo wangu alikuja kwangu asubuhi na nira begani. Mimi nilikuwa nimeshatoa plau. Tulifunga ng'ombe pamoja, mmoja akashika mikono ya plau, mwingine akatangulia mbele kuwaongoza, na wake zetu walifuata nyuma wakidondosha mahindi na mbaazi kwenye mtaro. Mwaka mmoja tulianza na shamba lake, mwaka mwingine na langu. Hatukuwa tumeandikiana. Kila mtu pale kijijini alijua mwaka huu ni zamu ya nani, hata watoto walijua.

Nikikumbuka siku zile za mwanzo wa masika, kinachonijia kwanza ni harufu ya udongo uliopinduliwa na jasho la ng'ombe. Kisha kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikikatika walitoka ardhini kwa wingi, na watoto waliwaokota kwenye sufuria, wakakaangwa bila mafuta kwa sababu mafuta hayakuwepo. Mnavu uliota wenyewe kando ya zizi. Maziwa yalirudi. Mama yetu alikaa mlangoni pa tembe akichambua mbegu, akizitenga pembeni zile zenye tundu za fukusi, na tukipita na ng'ombe alitupigia kelele kwa lugha yetu tusiwachape sana.

Mdogo wangu alikuwa mtu wa utani. Mimi aliniita Bwana Shule. Nikishika plau na mtaro ukapinda, alisimama mbele kule, akageuka, akapiga saluti. "Bwana Shule, huu mstari ulifundishwa na mwalimu gani? Hata nyoka angeukataa!" Wanawake waliangua kicheko. Mimi nilimjibu kwamba yeye aliyeishia darasa la saba hajui tofauti ya mstari na tumbo lake. Jasho lilitutoka, na kazi ilikwenda.

Ilikuwa ile miaka ya shida ambayo wa rika langu hatuhitaji kukumbushana. Duka la kijiji lilikuwa na rafu safi, hazina kitu. Sabuni ikisikika imefika mjini, watu waliacha jembe shambani wakakimbilia foleni. Chai tulikunywa na chumvi, na kuna wiki chumvi yenyewe ilitafutwa. Josho lilikauka kwa kukosa dawa, ndama wakawa wanakufa kwa ndigana, homa ya kupe. Mwanamke akiwa na khanga moja nzima aliiweka ya kanisani. Haya nayasema ili ieleweke bati lilikuwa kitu gani wakati ule. Bati halikuuzwa. Lilitolewa kwa kibali, na kibali kilikwenda kwa wanaojuana. Mtu akipita na bati moja kichwani aliulizwa maswali.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, baba akiwa bado hai, kutoka Arusha, nilikokuwa karani hadi kazi zilipopunguzwa. Nilirudi na suruali mbili na maringo. Nikafyatua matofali mabichi, nikainua kuta za nyumba ya vyumba vitatu, madirisha makubwa, baraza mbele. Kuta zikafika juu, bati halikupatikana. Nikaezeka kwa nyasi kwa muda. Nyasi zilivuja, na kila masika mvua ikala ukuta mmoja. Walevi wakipita jioni walisimama barabarani wakaliita jumba la mvua. Mmoja aliuliza kama ninatoza kiingilio.

Niliwaambia watu nataka bati kwa sababu mtoto wangu mdogo alikuwa anakohoa. Alikuwa anakohoa kweli. Lakini ningeweza kulala na watoto kwenye tembe la mama, palikuwa pakavu na pana joto, na mama alishasema tuje. Sikuliweza hilo. Mtu aliyesoma arudi kulala chini ya dari la udongo! Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya mdogo wangu kuanza. Mimi ndiye niliyemwomba anipishe. Shamba langu liko bondeni kuelekea ziwani, udongo mweusi, mvua ikizidi plau inazama na ng'ombe wanakwama. Shamba lake liko juu, linaweza kusubiri kidogo. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, na wakati ule sikuwa nimemwona mwenye bucha. Mdogo wangu hakubishana.

"Chukua zamu, Bwana Shule," alisema. "Ila ukimaliza usije ukaniambia ng'ombe wako yuko likizo."

Tukalima kwangu mpaka kukaisha. Siku tuliyomaliza, kabla hatujafungua nira, habari ilikuja kwamba baba mkwe wake amefariki huko Dareda. Akaondoka kesho yake na mkewe, mama akabaki na wajukuu. Aliniachia mweusi nimchunge pamoja na mwekundu. "Wapumzike," alisema. "Nikirudi tunaanza kwangu siku hiyo hiyo. Udongo uko tayari."

Mwenye bucha alikuja akiwa ameondoka.

Nilipomweleza mke wangu alikuwa anapepeta unga. Hakuinua uso. "Baba Mdogo anajua?" aliniuliza, maana ndivyo alivyomwita shemeji yake, kwa jina la watoto.

"Atajua."

"Atajua siyo anajua."

"Kuna maksai wengi kijijini," nikasema. "Akirudi nitamtafutia wa kumwunganisha na mweusi. Wiki moja tu."

"Wewe ndiye msomi," akasema, akaendelea kupepeta. Huko ndiko kunipinga kulikokuwa ndani ya uwezo wake, nami nilijifanya ni kukubali.

Jumapili trekta lilikuja na tela limejaa majani ya ng'ombe. Chini ya majani kulikuwa na mabati. Tuliyashusha haraka, mimi na dereva, tukayaingiza ndani. Kutoka kanisani nilisikia wakiimba. Kisha mwenye bucha alimfunga mwekundu kamba akaondoka naye kwa miguu kuelekea Maisaka. Nilisimama nikawatazama. Mwekundu hakukataa. Alitembea ukingo wa kulia wa njia, akiacha nafasi ya mwenzake. Mweusi alilia zizini mpaka jioni, na mama, alipotoka kanisani na wajukuu, alisimama mbali akasikiliza, halafu akaingia ndani bila kuniuliza.

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu. Jumatatu alfajiri nilimwita fundi. Misumari nilikuwa nayo ya zamani, nimeinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe. Tulipiga bati siku nzima. Nilisema ni kwa sababu ya wingu. Wingu lilikuwepo, ndiyo. Lakini nilijua bati lililotobolewa halirudishwi kwa mwenyewe, na nilitaka liwe limetobolewa kabla mdogo wangu hajafika.

Alifika Jumatatu usiku akaenda moja kwa moja kwake. Jumanne asubuhi nilimwona akija na nira begani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, jua limetoka, ardhi ilikuwa inatoa mvuke.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mmerudi salama? Poleni sana."

"Tumeshapoa. Tumemzika. Dareda mvua inapiga mpaka kaburi lilijaa maji, tukachota kwa ndoo." Kisha akaona paa. Akasimama, akaweka mkono juu ya macho. "We! Bwana Shule! Haya umeyaiba wapi? Leo mgambo wakija tunafungwa ukoo mzima!" Alicheka kwa sauti, kicheko cha furaha. Nataka niseme hili wazi: mdogo wangu alilifurahia bati langu. Alizunguka nyumba akaligonga kwa kidole. "Sasa mtoto atapona. Haya, lete mwekundu, udongo leo ni laini kama ugali wa mgonjwa."

"Mwekundu hayupo."

"Umempeleka maji?"

"Nimempa mwenye bucha."

"Umempa afanye nini?"

Nilitazama juu kwenye paa, naye akafuata macho yangu. Hata hapo alidhani natania. "Acha mchezo, kaka, jua linapanda." Akaenda zizini mwenyewe. Akamkuta mweusi peke yake. Aliporudi bado alikuwa na nira begani, kama aliyesahau kuishusha.

"Mimi nilime na nini?"

"Nitakutafutia. Nitaongea na watu. Wiki hii haiishi."

"Watu gani? Nani ana maksai aliyelala wiki hii?"

"Nitatafuta hata Singe."

"Ungeningoja siku mbili tu."

"Mwenye bucha alikuwa na haraka."

"Pasaka bado mbali," akasema, bila kupandisha sauti. Kisha akasema, "Basi tuyarudishe. Twende sasa hivi wote wawili, tumwambie mkeo hajakubali, tumwambie mama hajakubali, tumwambie chochote. Hajamchinja bado."

Nikamwonyesha misumari.

Alitazama lile paa kwa muda mrefu, mstari kwa mstari. Alikuwa mtu mwepesi wa akili kuliko mimi. Alielewa kwa nini fundi aliitwa Jumatatu. Aliishusha nira akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akamfungua mweusi, akaondoka naye. Nira aliirudia baadaye. Hakunitukana. Tangu siku ile mpaka mwisho hakuniita tena Bwana Shule. Aliniita kaka, kwa adabu zote.

Nilitafuta kweli. Nilizunguka Mutuka, nikafika Singe, nikafika mashamba ya nyuma ya Maisaka. Kila nyumba ilikuwa na jibu moja: sisi wenyewe hatujamaliza. Wengine walikuwa wameshasikia, wakanijibu huku wakitazama pembeni. Mzee mmoja aliniuliza, "Wako yuko wapi?" na wanawe wakacheka.

Jirani mmoja alimkopesha mdogo wangu dume mchanga aliyekuwa hajafundishwa vizuri. Wakamfunga upande wa kulia. Mweusi alipiga hatua chache akasimama, akageuza kichwa, akamnusa yule mgeni, akakataa. Wakamchapa, akajitupa kando, nira ikapasuka pale inapopita fimbo ya shingo. Niliyaona nikiwa bondeni, katika mahindi yangu ambayo yalikuwa yameshatokeza.

Basi wakashika majembe ya mkono. Mdogo wangu, mkewe, na mama. Mama alikuwa ameacha kulima miaka kadhaa kwa sababu ya magoti. Alilima akiwa amepiga goti moja juu ya gunia. Nilichukua jembe langu nikaenda. Mdogo wangu alinikaribisha, akanipa sehemu ya kuanzia, akanipa maji ya kunywa kwanza kama anavyopewa mgeni. Tulilima mpaka mchana, hakuna aliyesema neno la utani. Nilizoea kulima na mtu anayenicheka. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko siku zote za maisha yangu, na siku zilizofuata nikawa natafuta sababu za kutokwenda.

Mvua mwaka ule zilikatika mapema. Mahindi yangu yalikuwa yameshabeba. Yake yalikuwa yanatoa mbelewele, yakakaukia hapo. Mbaazi zilimwachia kidogo.

Sasa nieleze jambo ambalo wageni hawalielewi kwetu. Mtu akikudhulumu, unamwita mbele ya wazee wa ukoo. Wanakaa, wanasikiliza, anatozwa faini, labda mtamba, labda dume na pombe. Anaitoa. Kisha mnakula pamoja, wewe na yeye, kutoka chombo kimoja mbele ya watu wote, na neno lile haliruhusiwi kutajwa tena. Ndiyo njia. Hakuna nyingine. Nami nilikuwa naingoja. Nilikuwa nimeshachagua mtamba wa kutoa, tena mzuri. Kila Jumapili baada ya ibada nilitazama kama wazee wamekaa chini kando ya uzio, kama wataniita.

Hawakuniita. Mdogo wangu hakunishtaki.

Nikamwendea baba mdogo wetu, yule aliyekuwepo siku ya mgawo. Nikamwomba aitishe kikao. Alinitazama akavuta ugoro wake. "Anayeita ni mwenye kudai. Nimemwuliza mdogo wako mara mbili. Anasema hakudai kitu, ng'ombe alikuwa wako."

"Lakini mimi najua nimekosa."

"Mimi pia najua. Na yeye anajua. Tukuhukumu kwa shtaka la nani?"

Nikaona heri nijihukumu mwenyewe. Nikamswaga yule mtamba mpaka kwa mdogo wangu, nikamfunga kwenye mti wa uani. Alinisalimu, akaleta kigoda, akanipa uji. Nikasema nilichokuja kusema, vibaya, nikichanganya maneno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka," alisema, "mimi sikudai."

Jioni mwanawe alimrudisha mtamba kwangu. Alikuwa ameshiba na amenyweshwa maji. Nilifunga mlango wa zizi nikakaa pale chini, kwa sababu nilielewa kwamba njia niliyokuwa nikiitegemea ilikuwa imefungwa kwa ndani, na mwenye ufunguo hakuwa na hasira. Mtu mwenye hasira ungeweza kumngojea ipoe.

Njaa ilipokuja, ile ya kula mahindi ya njano ya msaada, nilimtuma mke wangu apeleke gunia. Mama alilipokea mlangoni, akalitazama, akalisukuma kwa mguu kurudi nje. "Mwambie tumeshakula," alisema. Mke wangu alilia njia nzima.

Baada ya hapo mdogo wangu alimwuza mweusi. Maksai mmoja hana kazi. Alisikia kwamba Kiteto kuna ardhi pana ambayo haijaguswa, na anayekwenda na jembe lake anapewa. Akaamua kuhama. Nilikwenda kumwona mama, nikamwambia abaki kwangu, nyumba ni kavu, kuna chumba chake.

Mama alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye mkeka. "Mimi nakaa na mtoto wa mwisho," alijibu. "Hata wewe unajua."

"Kiteto ni mbali, mama. Umezeeka. Baba amelala hapa."

"Baba yenu nimeshamuaga." Akafunga kamba, akaikaza kwa meno. "Na hilo bati lako lina kelele. Mvua ikipiga humsikii mtu aliye karibu nawe."

Waliondoka juu ya lori la mkaa asubuhi yenye ukungu. Mdogo wangu alinipa mkono. "Baki salama, kaka." Niliushika mkono wake muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, nikitumaini ataniuliza nina shida gani, atanitania. Aliuacha mkono wake ukae ndani ya wangu mpaka nilipouachia mimi. Kisha akapanda.

Nilikwenda Kiteto mara moja wakati mama yu hai. Walinipokea vizuri. Walichinja kuku. Mdogo wangu alikuwa na shamba kubwa kuliko langu, na watoto wake wadogo, waliozaliwa huko, waliniangalia kutoka nyuma ya mlango. Nilisikia mmoja akimwuliza mama yake, "Mgeni analala leo?" Usemi wa mdogo wangu ulikuwa wa adabu, habari za mvua, habari za mifugo, habari za kanisa. Jirani yake alipoingia, walianza kutaniana juu ya jogoo fulani aliyeibwa, na mdogo wangu alicheka kile kicheko nilichokifahamu. Jirani alipotoka, kicheko kikatoka naye.

Mama alifariki katika masika, barabara zimekatika. Habari ilinifikia wakiwa wamekwisha kumzika. Nilifika matope yakiwa yameshakauka juu ya kaburi. Akalala peke yake kule, katika ardhi ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulala, na baba amelala Mutuka peke yake. Miaka ilipita, mdogo wangu naye akaugua. Hakuniita. Nilipata taarifa ya kifo chake kama wanavyopata majirani wa mbali.

Tembe la wazazi lilianguka kwa kukosa mtu wa kulirudishia udongo. Uwanja wake una mwenyewe mwingine sasa, mtu mwema, hunisalimu. Watoto wa mdogo wangu ni watu wazima, na nikiwapigia simu huniitikia kwa heshima wanayompa mzee yeyote, kisha hungoja niseme nilichopigia.

Sikulazimishwa. Watoto wangu wangeishi vizuri kwenye tembe la bibi yao mpaka bati lipatikane kwa njia nyingine, na baada ya miaka michache likaanza kupatikana madukani kama chumvi. Nilichotakiwa kumwambia yule mwenye bucha ni neno moja tu: ngoja. Kwa kutolisema nilimpoteza mdogo wangu akiwa bado hai, miaka mingi kabla hajafa, na alipoondoka alimchukua mama yetu. Sikuwapo kumzika hata mmoja wao. Nilibaki peke yangu Mutuka, mtoto wa kwanza wa baba, sina ndugu.